Bati Nililoliweka kwenye Shokapu za Bwana Dunstan

Mbinga, Jumamosi jioni

Mwanangu Redempta,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako ukiwa umenuna, na una haki ya kununa. Mwanamke mzima, bibi shamba mwenye cheti chake, anafokewa na baba yake mbele ya wateja kama mtoto aliyemwaga mboga. Ile spana niliyoitupa ikagonga debe, kuku wa jirani wakatawanyika, watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulifuta mikono yako, ukasema, "Basi, baba, yaishe," ukaenda ndani.

Wala hukusema jambo baya. Nilipozikataa shokapu ulizoleta, ulisema tu, "Baba, mbona unahangaika? Zungushia kipande cha bati, bana nati, twende zetu. Mafundi wote wanafanya hivyo." Ni kweli wanafanya. Mimi mwenyewe nilifanya. Ndiyo maana nilitupa spana, na ndiyo maana sasa nimekaa hapa kwenye benchi la gereji, nimechana karatasi za katikati ya daftari la wateja, naandika haraka kabla hujarudi. Ukinitazama usoni sitaweza kusema. Nimejaribu tangu asubuhi, kila mara nikaishia kukuomba unisogezee tochi.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na joto la huko ziwani unakokwenda kuanza kazi, mama yako amekwisha kukupa mara tatu, na ya nne atakupa kesho ukiwa umeshavaa kofia. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka minane.

Unamkumbuka Bwana Dunstan. Nauliza kipumbavu, maana leo ulimtaja mwenyewe. Lakini nataka umkumbuke kabla hajaanguka. Alikuwa bwana shamba, mtu wa Liuli, mrefu, mpole, Mwanglikana wa kuimba kwaya, na alikuwa anatutania sisi Wamatengo hadi tunashika mbavu. "Ninyi watu wa milimani," alikuwa akisema, "mkiona maji yamezidi ndoo mnakimbia." Akija gerejini alikuwa na kawaida ya kukuletea embe la ziwani kwenye mfuko wa koti. Ulikuwa unamkimbilia kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya ofisi, ile ndefu ya kupita porini, imeshapitia kwa mabwana shamba watatu kabla yake. Shokapu za mbele zilikuwa zimekwisha. Mabomba yameliwa na kutu, mafuta yanavuja mpaka kwenye breki, na moja lilikuwa limepinda tangu alipoingia shimoni kule Ukata. Nilikuwa nimebadilisha sili, ile mipira ya kuzuia mafuta, mara mbili, lakini sili mpya kwenye bomba bovu ni kazi bure. Nikamwambia, "Bwana Dunstan, hapa ni kubadilisha zote mbili, mguu kwa mguu." Akasema, "Fundi ni wewe."

Sasa nikueleze mimi nilikuwa mtu gani siku zile. Zamani kipuri tulikuwa tunakingoja kwa kibali na kwa maombi, ukikipata unakibusu. Halafu soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na magari yao, na nyuma yao vikaingia vipuri vya kila rangi, vya Dar, vya ng'ambo, vya kuvushwa kutoka Malawi. Akaja pia fundi mmoja kijana, akafungua gereji karibu na soko, ina kibao kilichoandikwa kwa rangi na rafu imejaa vitu vipya. Watu wakaanza kusema, "Kandidus ni fundi wa zamani." Wa zamani! Mimi niliyekuwa nafufua pikipiki kwa waya wa uzio. Roho iliniuma, mwanangu, sikuficha wakati ule na sifichi sasa. Nikajitia kimbelembele, nikasema mbele ya watu wote pale gerejini kwamba shokapu za Bwana Dunstan nitazipata mimi, na huyo kijana na kibao chake hatazipata.

Nikashuka Mbamba Bay. Nikazikuta kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vilivyotoka ng'ambo. Zilikuwa jozi nzuri kweli, mabomba yanang'aa mpaka unajiona pua. Urefu uleule. Ekseli inapita palepale. Breki inafungwa upande uleule. Nilirudi nimekaa juu ya lori la mihogo, nimezipakata mapajani, na nilipofika mjini nilimwambia dereva anishushe sokoni, si nyumbani, ili yule kijana anione napita nazo. Nikasimama hata pale mlangoni pake kumsalimu. Upuuzi mtupu, baba yako.

Nilizipima siku tatu baadaye, asubuhi ya kipaimara chako. Soma vizuri hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Shokapu inaweza kufanana na nyingine kama mapacha na isiwe yake. Kinachosema ukweli ni unene wa bomba, tena pale hasa linapokumbatiwa na kile chuma cha chini kinachoshika mabomba mawili. Si juu, si nchani. Sikuwa na venia siku zile, kile kipimo cha unene wa chuma. Nilichukua ile spana ya kufungua na kubana, jina lake la gereji unalijua na siliandiki kwenye barua ya binti yangu, nikaibana kwenye bomba la zamani, nikaichomoa taratibu bila kugusa mdomo wake, nikaipeleka kwenye bomba jipya.

Ikacheza. Nikainua kuelekea dirishani, nikaona mwanga unapita kati ya chuma na chuma.

Nilijua. Sitaki kesho au mwaka ujao uanze kunitetea moyoni mwako kwamba baba hakujua, vifaa vilikuwa duni, ilikuwa bahati mbaya. Nilijua palepale. Zilikuwa za mdogo wake, za pikipiki nyepesi ya barabarani, mtu fulani tu amezipaka rangi. Kilichotakiwa ni neno moja la kumwambia mwenye pikipiki: hazikai. Lakini nani angelisema hilo neno? Kandidus aliyepita nazo sokoni amezipakata? Nje wageni walikuwa wameanza kufika, mama yako ananiita nivae, na Bwana Dunstan mwenyewe alishakuja na zawadi yako, amekaa kwenye kiti anangoja pikipiki yake ili alale kwake Liuli.

Kulikuwa na kopo tupu la dawa ya kahawa kwenye kona, lile la rangi ya bluu. Nikachukua mkasi wa bati, nikakata vipande vinne, nikavizungusha kwenye mabomba, nikavisukuma ndani ya vishikio, nikabana nati mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Nikatikisa usukani. Ukatulia kabisa. Nikajiambia, mbona safi tu.

Nilipotoka nje nasukuma pikipiki, Bwana Dunstan aliinama akazitazama shokapu. Akasema, "Fundi, ni zenyewe hizi?"

Nikamjibu, "Ni zenyewe kabisa. Baba mmoja, mama mmoja na zile za kwanza."

Watu wakacheka, naye akacheka. Nami nikafurahi kwamba nimesema jambo la kuchekesha.

Wewe ulikuwa umevaa gauni jeupe na soksi mpya, una miaka kumi na mitatu, na mama yako alikuwa amekutuma uzungushe vinywaji. Wazee walikuwa na pombe yao ya komoni kule nyuma. Mbele kulikuwa na togwa ya mama yako, kwa watoto na kwa wasiokunywa. Ulimpa Bwana Dunstan kikombe kwa mikono miwili, ukapiga goti kidogo. Alikunywa, akakisifu, akaomba cha pili. Niliona yote. Halafu akavaa kofia, akakuombea baraka, akaondoka.

Habari ililetwa na dereva wa lori lililokuwa linapanda kutoka ziwani. Bwana Dunstan ameanguka kwenye kona, kule barabara inakoshuka na ziwa linaanza kuonekana. Nikapata gari la kushuka. Nilipofika alikwisha kuchukuliwa kupelekwa hospitali, damu ilikuwa bado kwenye changarawe. Pikipiki ilikuwa mferejini. Bomba la kulia lilikuwa limepanda juu ndani ya kishikio, kiasi cha kiganja kizima, la kushoto limebaki chini. Usukani unatazama ziwani, gurudumu linatazama mlimani. Na pale chini ya kishikio lilikuwa limechungulia bati langu la bluu.

Watu walikuwa wamesimama juu ya barabara. Nikawapa mgongo, nikajifanya nachunguza. Nikalivuta lile bati, likanikata kidole hiki cha shahada, lile kovu uliloniuliza nikakwambia ni la msumeno. Nikalitia mfukoni. Nikayavuta na mengine. Kisha nikachukua jiwe, nikaligonga bomba mpaka likarudi chini sawa na mwenzake. Mwanangu, mtu alikuwa anapelekwa hospitali na nyonga imevunjika, na mimi nilikuwa nasawazisha shokapu zipendeze.

Mkubwa wake wa kazi alikuja kesho yake. Akaniuliza, "Fundi, pikipiki ilikuwa na shida yoyote?"

Nikasema, "Pikipiki ilikuwa nzima, mkuu. Ila mimi si mtu wa kuwasema wenzangu."

Ukitaka mtu akubane useme, sema hivyo. Akanibana. Nikajikuna kichwa, nikatazama chini, nikasema, "Alipita kwangu kwenye kipaimara. Kikombe nilikiona mkononi."

Sikusema kilikuwa na nini. Kwa muda mrefu nilijifariji na hilo, eti sikudanganya, kikombe kweli nilikiona. Loo! Yaani mtu anaweza kujidanganya kwa kitu kidogo namna hiyo. Ofisi ikamwandikia barua ya kumwachisha kazi kwa ulevi. Mguu ulipona, lakini vibaya, umebaki mfupi. Akarudi kwao Liuli, akaanza kulima mihogo, na kwaya akaacha, nasikia, kwa sababu watu walikuwa wanamnusa.

Hadi hapo ungeweza kusema baba yako alikuwa mwoga. Lakini kuna lile la pili, na hilo ndilo linalonifanya nisikutazame usoni. Huenda umelisahau. Ilikuwa wiki ile ile, mimi nasaga vali hapa hapa, ukaja umevaa sare za shule, ukasimama pale kwenye mlango. Ukasema, "Baba, wanasema Bwana Dunstan alikunywa pombe kwetu. Mbona mimi nilimpa togwa?"

Sikuinua kichwa. Nikakwambia, "Alikunywa na kingine baadaye. Wewe hukuona."

Ukasema, "Nilikuwa naye mpaka anaondoka."

Nikakwambia, "Redempta, nimesema hukuona. Mambo ya watu wazima huyajui."

Ulisimama pale kidogo, nikasikia unavyopumua. Kisha ukaenda. Hukuniuliza tena, na baada ya muda nikasikia unawaambia wenzako, eti alikunywa na kingine baadaye. Nilimwibia mtu jina lake, halafu nikakuibia na wewe macho yako. Macho yako yalikuwa sawa. Nilijua yalikuwa sawa, nikakwambia hayakuona.

Mama yako hakuniuliza kitu. Alijua amepika nini na nani amekunywa nini. Lakini hebu kumbuka, tangu kipaimara chako, umewahi kuonja togwa nyumbani kwetu? Ukiwa na hamu ulikuwa unakunywa kwa shangazi. Alikuwa anasema ulezi umekuwa mbaya. Miaka minane ulezi mbaya, na mimi nikawa naitikia, "Kweli, ulezi wa siku hizi."

Mwaka uliofuata alikuja Mama Hilda, mke wa Bwana Dunstan. Nilimwona kwa mbali anapanda kilima na kifurushi kichwani, nikatamani ardhi inifiche. Akapiga hodi, akaniamkia, "Shikamoo, baba Redempta." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akasema, "Sikuja kugombana. Nataka uniambie tu. Mume wangu sijawahi kumwona amelewa tangu anioe. Siku ile ilikuwaje?"

Nikamwambia, "Mama, mambo ya pombe yana siri. Wengi wanawaficha wake zao."

Hakulia. Akasema ahsante, akaamka, na kile kifurushi akakiacha mezani, usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, wa kutosha wiki mbili, kwa sababu huko kwao huwezi kwenda nyumba ya watu mikono mitupu. Tuliwala wale usipa. Ulisema ni watamu, nikakuongezea.

Kwa padri niliungama, usidhani sikuungama. Akanisikiliza, akaniambia niende kwa mwenyewe, nikamwambie yeye na nimwambie aliyemwachisha kazi. Unajua nilifanyaje? Nikabadilisha padri. Nikawa naungamia parokia nyingine, nasema nina hasira na nimekosa misa. Ninyi mlikuwa mnafikiri napenda matembezi.

Na yeye mwenyewe tulikutana mara moja. Alikuwa amepanda Mbinga kufuata dawa, mimi natoka dukani, tukagongana uso kwa uso. Akatabasamu, akaegemea fimbo yake. "Fundi, u mzima? Redempta hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Unajua, nimewaza sana ile kona. Nadhani nilishika breki ya mbele kwa pupa. Wewe unaonaje?"

Alikuwa ananiuliza kwa kuniamini, Redempta, mimi ni fundi. Nikamjibu, "Inawezekana."

Hilo neno ndilo baya kuliko yote niliyowahi kusema. Yale mengine niliyasema kwa hofu. Hili nilisema nikiwa salama.

Baada ya hapo nilinunua venia. Mlikuwa mnanicheka kwamba napima kila kitu, hata spoku, hata misumari. Ulijifunza kuisoma ukiwa kidato cha pili, ukawa unanisahihisha. Nikawa fundi mzuri, watu wanatoka hadi Ngaka kuniletea pikipiki zao, wanasema Kandidus hababaishi. Kila nikisikia hivyo najisikia kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Nilidhani nikipima sana, kwa miaka mingi, lile deni litakwisha lenyewe. Haliishi hivyo. Mguu wa Bwana Dunstan haukurefuka hata kidogo kwa sababu mimi napima misumari.

Sasa leo. Umekuja na pikipiki ya ofisi yako, kuukuu kama ile, shokapu zinavuja, na jozi uliyoinunua Songea imefungwa vizuri kwenye gunia. Ulikuwa na furaha. Nikaipima. Milimita mbili pungufu, Redempta. Pengo lilelile. Nikatamka, "Hazikai," na kumbe ni neno jepesi, halina uzito wowote mdomoni. Ukasema habari ya bati, nikatupa spana. Hapo nilikuwa najitupia mwenyewe.

Tulipopata zile nyingine, kwenye ule mzoga wa pikipiki nyuma ya gereji ya misheni, nilikuona unavyofanya kazi. Ulinipokonya venia ukapima mwenyewe, chini, juu, chini tena, ukageuza bomba ukapima upande wa pili. Ukatoa mafuta ya zamani, ukaweka sili mpya, ukasukuma mabomba yakaingia bila kulazimishwa. Uliponiambia niache ekseli kwanza isikazwe, ukashika breki ukabonyeza usukani mara tano sita ili miguu ijipange, ndipo ukakaza, nilitaka kulia. Sikukufundisha hilo kwa mdomo. Ulikuwa umeliona kwangu. Hayo macho yako.

Na ukiwa umechuchumaa hapo, unafuta bomba, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Hilda wa Liuli ameniandikia. Ananipa chumba kwao. Nimeshamwandikia jibu, nitamkabidhi kesho. Siwezi kukaa nyumba ya mlevi, baba. Yule si alikunywa na kingine baadaye?"

Maneno yangu. Kwa sauti yako. Na wao, baada ya yote, wamesikia binti wa Kandidus anashuka kufanya kazi aliyoifanya Dunstan, wamefagia chumba.

Nilikuwa nimepanga kukupa hilo bati uwapelekee. Ninalo. Liko ndani ya kopo la grisi, nimelifunga kwenye kitambaa, rangi ya bluu bado inaonekana. Nilianza kuandika barua hii kwa nia hiyo, uwape bati na barua, mimi nibaki hapa na spana zangu. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimejiona. Baba gani huyo anayemtuma mtoto akamwombee msamaha, kwa watu ambao atalala kwao? Hapana.

Nimeingia ndani sasa hivi, nimemwambia mama yako yote. Alikuwa anakunja kanga zako. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Miaka minane, baba Redempta." Akakunja nyingine. "Nenda kaoge. Kesho una safari."

Kwa hiyo sanduku lako litashuka na lori, nimeshaongea na dereva. Mimi nitapanda nyuma yako. Wewe ndiye utaendesha. Tutapita ile kona, na shokapu tutakazozikalia ni tulizozipima pamoja, kwa hiyo hapo siogopi. Ninachoogopa ni ule mlango wa Liuli. Nitamwambia Bwana Dunstan hakushika breki vibaya. Nitampa bati mkononi. Nitamwambia mkewe, na Jumatatu nitakwenda ofisini kwao, hata kama wakubwa wote wamebadilika, nikaandike kwa mkono wangu. Watakalonifanyia ni juu yao. Wakinifukuza nitarudi kwa miguu, napajua.

Sikuombi unisamehe jioni hii. Ukitaka kukaa siku nyingi bila kunisalimia, kaa. Ukitaka kunishusha katikati ya njia, nishushe, nitakukuta huko. Ile barua ya kukataa chumba ichane, ama usiichane, hiyo ni yako, lakini kama unaikataa nyumba ile usiikatae kwa ajili ya uongo wangu.

Jambo moja tu nakuomba. Tukifika, kabla mimi sijafungua mdomo, wewe msalimie Mama Hilda, kisha umwambie ulichokiona siku ile. Ulisimama kwenye mlango huu na sare zako za shule ukaniuliza, nami sikuinua kichwa. Sasa nimeinua. Ulimpa kikombe kwa mikono yako miwili, ukawa naye mpaka anaondoka, na uliona sawasawa.

Ilikuwa togwa.

Baba yako,
Kandidus